Wasichana wanaacha mazoezi ya riadha kufikia wiki ya tano. Tunakosea wapi?

Kocha_Kijana_Kayole

Hamjambo wakuu. Tuko vijana saba wa kujitolea hapa Kayole, Nairobi, wanaume wanne na wanawake watatu. Tunafundisha riadha wasichana wa miaka 11 hadi 15 kwenye uwanja wa shule, Jumanne na Alhamisi, saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili na nusu jioni. Tulianza na 32. Hii ni wiki ya tano na wamebaki 13, na miongoni mwa walioondoka wamo wawili wenye kasi kuliko wote.

Mfadhili hatuna. Tuna filimbi, saa moja ya kupimia na shilingi 9,000 za mchango. Wenzangu wanataka tununue viatu vya spaiki (vyenye meno chini) ili kuwavuta warudi. Mimi nahisi tatizo si viatu, ila sina hoja ya kuwashinda. Hizo pesa ziende wapi, na tubadilishe nini kabla muhula haujaisha?

---

Mwalimu_wa_Filimbi

Hoja unayo, umeiandika mwenyewe: saa kumi na mbili na nusu.

Nairobi jua huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini na saa kumi na mbili na dakika hamsini na tano, mwezi wowote ule, na giza likianza halichelewi. Ukipuliza filimbi ya mwisho saa kumi na mbili na nusu, msichana anatembea gizani. Mama hatakupigia simu kukueleza. Atamwambia mtoto asirudi tena, basi. Halafu kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni ndipo nyumba inapomhitaji: maji, mboga, mdogo wake wa kuchukuliwa shule. Kaka yake haulizwi hayo, ndiyo maana timu za wavulana hudumu na saa zizo hizo.

Hamisheni. Jumamosi saa mbili hadi saa nne asubuhi iwe ndiyo siku kubwa. Siku moja ya wiki ibaki, lakini mazoezi yaanze saa kumi na robo na yaishe saa kumi na moja na robo bila nyongeza. Wagawe kwa njia wanazopita kurudi nyumbani, si kwa umri, watembee makundi ya wanne au watano, na wa mwisho kufika atume ujumbe kwa simu ya mzazi.

Kabla ya kutangaza ratiba mpya, tembeleeni nyumba za wale 19. Waende wanawake wawili kati yenu, Jumapili alasiri, dakika kumi na tano tu. Swali lisiwe “mbona hakuja?” kwa sababu hilo ni la polisi, na mzazi atajibu kwa heshima bila kusema ukweli. Ulizeni: “Mama, ni saa ngapi ungeweza kumwachilia, na akirudi saa ngapi utakuwa na amani?” Andikeni jibu mbele yake. Nyumba tano za kwanza zikitaja saa inayofanana, ratiba yenu ndiyo hiyo.

La pili ni mazoezi yenyewe. Hujasema mnafanya nini uwanjani, lakini vijana wengi wa kujitolea huanza na mizunguko kumi na mitano siku ya kwanza “kuwapima.” Mtoto wa miaka 12 ambaye hajawahi kukimbia mfululizo ataumwa na ugoko kufikia wiki ya pili, na kufikia ya nne ameamua riadha si yake. Wiki mbili za mwanzo zinatosha hivi: dakika kumi za kupasha mwili (kuruka kidogo, kuinua magoti, kuzungusha nyonga, siyo kujinyoosha kwa kusimama tuli), kisha dakika moja mbio na dakika moja matembezi mara nane, kisha mbio za mita 60 kwa robo tatu ya kasi mara nne, halafu umalize na mchezo wa kupokezana vijiti. Kuanzia hapo ongeza kama sehemu moja ya kumi kwa wiki, usizidi. Wakiwa na mashindano ya shule wiki hiyo, punguza.

Na tafadhali, kukimbia kusiwe adhabu. Ukimwambia aliyechelewa azunguke uwanja mara tatu, umewafundisha wote 13 kwamba mbio ni kiboko.

---

Nesi_Mtaani

Nakubaliana na Mwalimu kuhusu saa. Naongeza yale ambayo wasichana hawatawaambia wanaume wanne.

Sidiria kwanza. Umri wa miaka 12 na 13 ndipo wengi huanza kuona aibu kukimbia mbele ya watu. Anaanza kusema kichwa kinauma, anakaa kando ameshika sweta kifuani. Sidiria ya michezo ya mitumba inatosha kama lastiki bado ina nguvu: ivute, iachie, na isiporudi mara moja iache. Ikivaliwa, vidole viwili viingie chini ya mkanda wa kifuani, visiwe vinne. Aruke mara kumi. Mkanda ukipanda mgongoni, ni kubwa. Msinunue saizi moja kwa wote kwa sababu muuzaji amewapunguzia bei. Mmoja wa wale wanawake watatu achukue vipimo faraghani kwa futi ya fundi cherehani, chini ya matiti na juu yake, aandike namba bila majina, ndipo aende soko la mitumba la Gikomba. Juu yake fulana yoyote pana. Chini, kaptura ya kubana ya rangi nyeusi ndani ya kaptura pana, ambayo hushikilia sodo isisogee na huondoa wasiwasi wa doa.

Sodo. Tangu 2017 sheria ya elimu ya msingi inaitaka serikali kuwapa sodo bure wasichana waliobalehe katika shule za umma, kwa hiyo ulizeni kwanza shuleni zinagawiwa vipi. Lakini za shule hazimsaidii Jumamosi wala likizo. Wekeni kisanduku chooni, siyo kwenye mkoba wa kocha, chenye pakiti mbili za sodo zenye mbawa, chupi mbili mpya nyeusi, sabuni na mifuko ya kutupia. Asiombe. Achukue tu, na anayejaza upya ahesabu kila Jumamosi. Mkiweka daftari la kusaini, hakuna atakayegusa. Na kama choo hakifungwi kwa ndani, nunueni komeo kabla ya kitu kingine chochote. Komeo ni bei ya soda mbili tatu.

Kukimbia wakati wa hedhi hakudhuru. Akiwa na maumivu apunguze, asifukuzwe. Jambo la kuangalia ni kinyume chake: aliyekuwa akipata hedhi kwa mpangilio ikakosekana miezi mitatu, au aliyefika miaka 15 bila kuianza, aende kliniki. Kwa anayefanya mazoezi mengi na kula kidogo, mwili huzima hedhi ili kuokoa nguvu, na mifupa ndiyo hulipa, inapata nyufa. Msikimbilie kumshuku mimba mbele ya wenzake.

Hapo tunafika kwenye chakula. Mtoto aliyekula saa saba mchana hana nguvu ya kukimbia saa kumi na robo. Kwa wasichana 30, uji wa wimbi lita 9, yaani kikombe cha mililita 300 kila mmoja, unahitaji unga kama kilo moja na sukari nusu kilo. Wapewe baada ya mazoezi. Kabla yake ndizi moja inatosha, nusu saa mapema. Anayechoka haraka, midomo imepauka na anahema kwa ngazi chache, huenda ana upungufu wa damu, apimwe. Nyumbani wazazi waelezwe habari ya omena, madengu, terere na maini kila yanapopatikana, na kwamba chai ya majani ikinywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma yasifyonzwe. Wasubiri saa moja. Hilo halina gharama yoyote.

---

Mpima_Uwanja

Kuhusu spaiki naungana na wanaokataa, ila kwa sababu ya udongo. Sehemu kubwa ya Eastlands, mitaa yetu ya mashariki mwa Nairobi, ni udongo mweusi unaonata. Mvua ikinyesha unashika kiatu kama gundi, ukikauka unapasuka nyufa zinazomeza kisigino. Spaiki hapo ni kuvunja kifundo cha mguu. Raba ya kawaida inatosha hadi mtoto atakapoanza kushindana kwenye tatani (njia za mpira za viwanja vikubwa), Nyayo au Kasarani, na hapo mnaweza kuwa na jozi tatu za kuazimana.

Ukinunua raba za mitumba, ziweke mezani uzitazame kutoka nyuma. Kiatu kilicholalia upande mmoja kilishazoea mguu wa mwenyewe. Kikunje: kipindike penye vidole, siyo katikati ya unyayo. Bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba, na kama ni ngumu kama ubao, imekufa hata kama juu inang'aa. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Jaribuni jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo.

Kitu cha bei nafuu kitakachowavuta kuliko viatu ni njia ya kukimbilia iliyopimwa. Mtoto akijua amekimbia mita 200 kamili kwa sekunde 36, wiki ijayo anataka 35. Akikimbia “mzunguko” usiojulikana urefu, hana cha kushindana nacho.

Uwanja wa mita 90 kwa 50 unatosha mzunguko wa mita 200 wenye njia nne. Pigilia vigingi viwili katikati ya uwanja, umbali wa mita 40. Kutoka kila kigingi chora nusu duara kwa kamba ya mita 18.90, kisha unganisha ncha kwa mistari miwili iliyonyooka ya mita 40. Kwa nini 18.90? Kwa sababu mkimbiaji hakanyagi mstari, hupita kama sentimita 20 nje yake, kwa hiyo duara lake halisi ni la mita 19.10, ambalo ni mita 120 kwa kona zote mbili, na ukijumlisha 80 za mistari unapata 200. Kagua kabla ya kuweka chokaa: ulalo kutoka ncha ya mstari mmoja hadi ncha ya upande wa pili iliyo kinyume uwe mita 55.03, pande zote mbili. Ukitofautiana, mistari yako imepinda.

Makosa ya kawaida ni mawili. Kamba ya nailoni hunyumbuka, na kosa la sentimita 10 tu huongeza sentimita 63 kwa mzunguko. Tumia waya mwembamba au futi ya mita 50 ya kuazima kwa fundi wa ujenzi. La pili ni kuwaanzisha wote mstari mmoja. Njia zikiwa na upana wa mita moja, wa njia ya pili asogezwe mbele mita 6.28, wa tatu 12.57, wa nne 18.85. Usipofanya hivyo, anayepewa njia ya nje ataona anaonewa, na ni kweli anaonewa.

Chokaa iwe ile iliyozimwa ya kupaka ukuta. Chokaa hai huchoma macho na ngozi. Anayechora avae glavu, na watoto wasikimbie peku juu ya mstari mbichi.

Na kabla ya kila kipindi, vijana watatu wapite uwanja mzima kwa safu wakiokota chupa, waya na sindano. Dakika kumi na tano. Tope likiwa limeshika, hamia kwenye sakafu ya saruji mfanye mazoezi ya tumbo na nyonga. Usilazimishe.

---

Shangazi_Ulinzi

Mmefika mbali na hakuna aliyegusa la kwanza kabisa. Kocha_Kijana, nani kawapa ruhusa ya kukaa na watoto wa watu?

Sikuudhi, nakulinda. Wote saba mchukue cheti cha tabia njema cha DCI (idara ya upelelezi wa jinai), maombi ni kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha alama za vidole. Nakala zikae kwa mwalimu mkuu. Barua ya shule ya kutumia uwanja itaje siku, saa na majina yenu. Mjulisheni chifu. Kila mzazi asaini fomu ya idhini yenye simu mbili, magonjwa (pumu, selimundu, kifafa), na sanduku tofauti la kukubali au kukataa picha. Kusaini mazoezi si kusaini picha mtandaoni.

Kanuni zenyewe ni chache lakini hazina msamaha. Watu wazima wawili kila wakati, mmoja awe mwanamke, na asipopatikana mwanamke kipindi kinaahirishwa. Hakuna kijana anayemwandikia mtoto ujumbe faraghani. Kundi la WhatsApp ni la wazazi. Hakuna kumbeba mtoto mmoja kwenye boda wala gari. Kukanda misuli kufanywe na mwenzake au na kocha mwanamke, hadharani. Na zawadi isitolewe na mtu mmoja kwa mtoto mmoja, hata raba. Mnyanyasaji huanza hivyo hivyo, kwa kiatu na nauli, akisubiri deni limkae mtoto moyoni. Vitu vyote vitoke kwenye kundi, viandikwe kwenye daftari la kundi.

Mtoto akisema jambo, msikilize, usimhoji mara tatu, usimwahidi siri. Andika maneno yake kama alivyoyasema. Pigeni 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure, kisha afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Kama ni ubakaji, hospitali mara moja bila kuoga, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72. Msikubali kikao cha kusuluhisha na familia ya mtuhumiwa. Hilo ni kosa la jinai, si ugomvi wa ua.

Kwa wakubwa kidogo, miaka 14 na 15, ongezeni somo la pesa. Mkimbiaji Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake Iten Oktoba 2021, mwezi mmoja tu baada ya kuweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 barabarani kwa mbio za wanawake pekee, na wanariadha wenzake wakaanzisha Tirop's Angels kupambana na ukatili huo. Msichana ajue mapema kwamba zawadi yake huingia kwenye akaunti yake, na kwamba kocha, mchumba au meneja anayetaka kushika simu na namba yake ya siri ni hatari tayari.

---

Kocha_Kijana_Kayole

Asanteni sana, na Shangazi nimekusikia, vyeti tunaanza wiki hii. Maswali mawili. Wazazi kadhaa wanasema binti akikimbia sana hatazaa, na wengine kwamba atakuwa na misuli ya kiume. Na tuna wasichana wanne Waislamu ambao baba zao wamekataa kaptura. Nawajibuje?

---

Nesi_Mtaani

La uzazi lina jibu la haraka: Faith Kipyegon. Dhahabu ya Olimpiki ya mita 1500 Rio 2016, akajifungua 2018, akarudi akachukua dhahabu Tokyo 2021 na Paris 2024. Mama yeyote wa Kayole anamjua. Mwambie tu kwamba kinachoharibu uzazi ni kula kidogo kwa muda mrefu, siyo mbio, na hapo mtakuwa mmerudi kwenye uji. Misuli mikubwa haiji kwa kukimbia mara mbili kwa wiki. Mwili wa msichana hauna homoni za kutosha za kuijenga hivyo.

Usimwahidi mzazi medali wala ufadhili. Akikuamini kwa sababu hiyo, mwaka ukiisha bila medali anamtoa mtoto, na ana haki.

---

Mwalimu_wa_Filimbi

Kuhusu mavazi, kubali moja kwa moja. Suruali ya kubana hadi kifundoni chini ya kaptura pana au sketi fupi juu yake, fulana ya mikono mirefu, na hijabu ya kitambaa chepesi kinachonyumbuka cha kuvaa kichwani kama kofia, bila pini. Pini ikifunguka mtoto akianguka ni jeraha. Sheria za riadha haziwazuii. Muhimu ni timu nzima kuruhusiwa kuchagua, ili wanne hao wasionekane wageni. Utashangaa wangapi wasio Waislamu watachagua suruali ndefu. Na wakati wa Ramadhani wanaofunga wafanye mbinu na kunyoosha viungo tu, wasipewe mbio ndefu.

Jambo moja la karatasi, lianze leo: cheti cha kuzaliwa. Mashindano ya umri hupanga kwa tarehe. Kundi la chini ya miaka 18 kimataifa, mathalani, huhesabu umri utakaokuwa nao 31 Desemba ya mwaka huo. Uzazi usioandikishwa ndani ya miezi sita huhesabiwa umechelewa na unahitaji vielelezo zaidi: vitambulisho vya wazazi, kadi ya kliniki au ya ubatizo, barua ya shule. Wenye kasi wawili mliowapoteza, wakirudi, waulizeni hilo kabla ya kuwapima tena.

---

Shangazi_Ulinzi

Ile 9,000 basi, tusimwache hewani. Mimi ningegawa: 2,500 sidiria na kaptura nyeusi, 2,500 sodo, sabuni na komeo la choo, 1,500 unga na sukari, 1,000 kisanduku cha huduma ya kwanza (bendeji za kunyumbuka, plasta, glavu, dawa ya kusafisha kidonda), 1,000 nakala za fomu na muda wa simu, 500 chokaa na vigingi. Spaiki sifuri.

---

Mpima_Uwanja

Chokaa na vigingi 500 inatosha, mradi futi muazime. Koni tengenezeni kwa chupa za nusu lita zilizojazwa mchanga hadi theluthi moja. Zikijaa kabisa, mtoto akizikanyaga anateguka mguu. Na maji: mtungi wa lita 20 kwa wasichana 30 ni kama mililita 650 kila mmoja, kwa hiyo Jumamosi ya jua kali leteni miwili, na kila mmoja aje na kikombe chake chenye jina.

---

Kocha_Kijana_Kayole

Jumapili wanawake wetu wawili wanaanza na nyumba tano za kwanza. Mpima_Uwanja, uwanja wetu ni mita 84 kwa 47. Njia nne zitaingia?

---

Mpima_Uwanja

Njia nne zinataka mita 85.8 kwa 45.8. Upana unatosha, urefu haukutoshi. Chora tatu, zinahitaji 83.8, na utabaki na sentimita 20 tu kwa urefu wote, kwa hiyo kama mwisho wa uwanja kuna ukuta au mtaro, chora mbili.